Dada Yetu na Kiti Alichokiacha

Mimi ndiye mdogo wake wa mwisho, na nimeombwa na wakubwa nisome wasifu wake kwa upole. Nitajaribu.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1961, mtoto wa nne kati ya saba: wavulana wanne, wasichana watatu. Nyumbani tulikuwa na redio moja, na baba alitaka tuamue kwa kura kitakachosikilizwa. Kila jioni wale wanne walishinda, kila jioni ikawa mpira. Dada, akiwa na miaka tisa, alimweleza baba kwamba watoto ni saba na siku za wiki ni saba, basi wavulana wachukue siku nne, wasichana tatu. Baba alicheka mpaka akatoa machozi, kisha akakubali. Kaka zetu walinuna mwezi mzima.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1975, akasomea ushonaji miaka miwili. Tarehe 3 Februari 1984 aliajiriwa kwenye chumba cha rangi cha kiwanda cha nguo. Wafumaji walikuwa mia na ishirini, watia rangi themanini. Kamati ya chama cha wafanyakazi ilikuwa na viti vitano, na kila mtu aliandika majina matano. Wafumaji waliandikana wenyewe kwa wenyewe, wakazoa viti vyote, miaka thelathini. Watia rangi waliomba feni ya kutoa mvuke. Ombi halikufika hata mezani, kwa kuwa mezani hapakuwa na mtu aliyeuvuta mvuke huo. Wakilalamika, waliambiwa kura zimehesabiwa vizuri. Na kweli zilihesabiwa vizuri, ndiyo maana ilikera.

Mwaka 1986 aliolewa na dereva wa lori, mtu mtaratibu, aliyesikiliza habari za viti vitano kila mlo kwa miaka thelathini na mitatu. Shemeji, pole, na asante.

Mwaka 2014 wafumaji waligombana, wakagawanyika nusu kwa nusu. Watia rangi, themanini kati ya mia mbili, wakazoa viti vyote vitano. Feni ikafungwa. Halafu dada, ambaye sasa alikuwa mwenyekiti, akapendekeza kanuni mpya: kila idara ilete orodha yake ya majina, na kila kura arobaini zipate kiti kimoja. Yaani wenzake warudishe viti vitatu. Walimwona amerukwa na akili, na mimi nilimwambia hivyo usoni. Akanijibu, "Na wao wakikosa hata kimoja, niwaambie nini? Kwamba kura zimehesabiwa vizuri?" Kanuni ilipita. Uchaguzi wa 2017 wafumaji walipata vitatu, watia rangi viwili.

Feni ilichelewa kwa mapafu yake. Alianza kuugua mwaka 2012, akalazwa mara sita, na alifariki Jumanne tarehe 9 Julai 2019, saa nne asubuhi, mumewe akiwa pembeni. Kwenye mkoba wake tulikuta ajenda ya kikao cha tarehe 20: watia rangi wote wapimwe mapafu. Ajenda hupelekwa mezani na wajumbe wawili, na sasa chumba cha rangi kimebaki na mmoja.

Jana mwenyekiti wa sasa, mfumaji, alikuja kutupa pole. Akatueleza kwamba kiti cha marehemu kitajazwa kwa kura ya wafanyakazi wote, "ili iwe haki." Nilimwuliza mara mbili kama anasikia anachosema. Kifungu cha tisa cha kanuni ile, alichokiandika dada kwa mkono wake, kinasema kiti kinakwenda kwa jina linalofuata kwenye orodha ileile. Jina hilo ni la mama aliyefanya kazi naye beseni moja miaka kumi na sita. Amekaa safu ya tatu, na wote mmemsikia anavyokohoa.

Dada ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wanne, kaka wanne, dada wawili, na watia rangi sabini na tisa.

Mwenyekiti, nakuona hapo mbele. Tarehe 20, saa tatu asubuhi, mpishe huyo mama akae. Dada yetu tunamwombea amani. Wewe tutakuja kukuangalia.