Laurian Mughwai na Waya Ulioungua

Tarehe 30 Juni 1997 Mzee Laurian Mughwai anastaafu baada ya kuitumikia Karakana ya Mwankoko kwa miaka thelathini na mmoja. Alianza kwa kuziba pancha, akapanda hadi fundi mkuu, na katika safari yote hiyo hakuwahi kukiri kwamba kuna fundi mwingine anayemkaribia. Tulimzoea. Kazi yake ilimruhusu kujisifu.

Mzaliwa huyu wa Nduguti hakukubali boneti ifunguliwe kabla dereva hajamweleza habari za gari. Limelala wapi? Lilipokataa kuwaka, lilitoa sauti gani? Madereva wenye haraka walinung'unika kwamba wamekuja kwa fundi wakakuta mganga. Baadhi yetu tulifika Singida tukiwa wageni kabisa, kwetu kukiwa hakurudiki tena, na swali lake la kwanza kwetu lilikuwa hilohilo: jana umelala wapi? Aliyekosa jibu alilala kwa Laurian.

Kabla ya soko huria, kipuri kilikuwa adimu kama mvua ya Agosti, hivyo fundi alilazimika kuujua ugonjwa. Maduka ya mjini yalipojaa betri na starta kutoka ng'ambo, tukaanza kubadilisha kwanza na kufikiri baadaye. Ndivyo tulivyoifanyia Landrova kuukuu ya zahanati ya Mungaa, mwaka 1993.

Dereva wake, Mohamedi, aliipenda kupita kiasi. Hakukuwa na gari safi kama lile karakana nzima, ila halikuwaka. Taa zilimulika vizuri, lakini ukigeuza ufunguo starta inaguna mara moja, inanyamaza. Likisukumwa, linawaka. Mohamedi alizoea kuliegesha kwenye mteremko, lakini zahanati iko tambarare, na muuguzi Saada alimpokea kwa kelele: "Mohamedi, leo umeleta dawa au umekuja kutufanyisha mazoezi?"

Tuliweka betri mpya, tukaweka starta mpya. Waya wa choki, ule ambao dereva huuvuta injini ikiwa baridi, nao ulikuwa ukiungua, tukaubadilisha tena na tena tukidhani ni bidhaa hafifu. Hatimaye uongozi wa zahanati ukaamua gari liuzwe mnadani pamoja na vyuma chakavu. Ulikuwa mwaka wa kupunguza wafanyakazi, na kila mtu alijua kwamba dereva asiye na gari ndiye anayetangulia. Mohamedi, mwenye mke na watoto wadogo, aliendelea kulifuta vumbi gari lake.

Muda wote huo Mzee Laurian alikuwa likizo kwao. Alirudi siku moja kabla ya mnada, akauliza maswali yake. Aliposikia habari za choki akaamuru boneti ifunguliwe.

"Choki inavutwa kwa mkono," alisema. "Haina kazi yoyote na umeme. Sasa nani anaipika?"

Akaweka kiganja juu ya waya wa choki, akamwambia Mohamedi ageuze ufunguo. Starta ikaguna. Mzee akautoa mkono haraka, akacheka peke yake.

Ndipo akatueleza. Umeme mzito wa starta una njia yake ya kurudi kwenye betri, nayo ni mkanda wa shaba unaounganisha injini na fremu. Njia hiyo ikifa, umeme hutafuta kichochoro, na kichochoro kilichobaki kilikuwa kile kiwaya chembamba cha choki. Akachukua waya mnene, akaunganisha injini na fremu. Mohamedi akageuza ufunguo, injini ikawaka papo hapo. Tumeishi na vyuma muda mrefu, lakini hatujaona tena watu wazima wakiduwaa namna ile mbele ya gari linalonguruma.

Mkanda tuliukuta chini ya injini, umeliwa hadi nyuzi, umeota ukoko mweupe. Mzee akauonja kwa ncha ya ulimi.

"Mohamedi mwanangu, gari hili unaliogeshea wapi?"

"Ziwani Singidani, mzee! Kila Jumamosi, na sabuni."

"Maji ya chumvi yale! Umelikausha kama nyama."

Karakana nzima ilicheka, na aliyecheka mwisho, huku akifuta machozi, alikuwa Mohamedi. Gari liliondolewa mnadani. Dereva alibaki kazini, na hadi leo wote wawili wapo.

Baada ya sherehe hii ya kumuaga, Mohamedi atampeleka Mzee Laurian nyumbani Nduguti kwa Landrova ileile. Ameiosha kwa maji ya kisima na kuiegesha mbele ya ukumbi, mahali tambarare kabisa. Wageni wanaombwa wasiikaribie, wasije wakaisukuma kwa mazoea.

Asante, Mzee wetu, kwa mkono ule na kwa mlango wako. Ulituuliza tumelala wapi. Kuanzia leo ulale kwako, kwa amani, na uzee wako uwe mwema.