Mbwa Mdogo wa Bibi Severina

Benchi la Halfani muuza kahawa lilikuwa pale Ipogolo, bondeni chini ya mji, hatua chache kutoka mahali basi la Chimala linaposimama. Wenyewe waliliita Kortini, maana kila kesi ya dunia ilihukumiwa hapo, na hakuna hukumu iliyowahi kutekelezwa. Asubuhi hiyo ya Julai, mwaka hamsini na sita, baridi ilikuwa ya kukata masikio, na kesi ilikuwa ya Filemoni Kalinga. Mshtakiwa alikuwa kikapuni: mbwa wa miezi miwili na nusu, miguu mifupi, masikio ya kulala, amejikunja chini ya gunia anatetemeka. Mama yake alikuwa wa mbegu ya kizungu, wale wafupi, aliyeachwa kwa Filemoni na bwana mmoja wa shamba la tumbaku alipofunga virago kurudi kwao.

Roho ya Filemoni ilikuwa juu juu. Basi lilikuwa linamleta mama yake, Bibi Severina. Tangu mzee afariki, bibi alikaa kwa binti yake Chimala, macho yameingia ukungu, anaona vivuli tu. Alikubali kurudi shambani kwa sharti moja: apewe mbwa mdogo wa kukaa naye jikoni, anayekuja akiitwa. Wajukuu wa kumlinda hakuwataka. "Mimi si ng'ombe," aliandikisha kwenye barua. Asipompenda huyo mbwa, basi lile lile likishuka kutoka mjini mchana atapanda arudi zake.

— Hicho kikapu kisogeze kule, — alisema Halfani. — Mate yake yakigusa kikombe changu, nakiosha mara saba, moja kwa udongo, na wateja wananingoja.

— Anakula? — aliuliza Mrisho, ambaye wote walimwita Bama. Alirudi kutoka vitani Burma na koti la jeshi, na hakulivua tena.

— Anakula kunishinda mimi, — alijibu Filemoni. — Uji wa ulezi na maziwa, mke wangu Esta anampikia yeye na ndugu zake, wote wanne. Manyoya yanang'aa, minyoo hana. Lakini mtu akisogea tu, anaingia uvunguni. Jana kashinda nyuma ya kihenge cha mahindi kutwa nzima.

Anania alikohoa. Aliwahi kufagia ofisi ya mifugo miaka miwili, na tangu hapo jina lake likawa Daktari.

— Dawa yangu ulifuata? Uliwafungia ghalani?

— Wiki tano! Giza tupu, mtu asiwaguse. Esta kanigombeza mpaka basi. Anasema waache jikoni, wakanyagane na watoto, wazoee kelele za sufuria. Nikamwambia hapana, Daktari kasema mbwa akishikwashikwa ukali unaisha.

— Sasa ona! Ukali upo ndani, haujatoka tu.

— Mama hataki ukali, Daktari. Anataka mbwa.

Bama aligonga kikombe chake kwenye benchi.

— Mnacheza. Sisi kule mbwa wa jeshi wanaamshwa na tarumbeta. Mpigie tarumbeta sikioni alfajiri siku tatu, hataogopa kitu mpaka anakufa.

— Tarumbeta nitoe wapi?

— Piga debe. Halafu mtilie nyigu wakavu kwenye uji, kumi tu.

— Nyigu! — Halfani alicheka mpaka kahawa ikamwagika. — Nyie hamuoni jambo liko wazi? Huyu ni mbwa wa Kizungu. Mnamsemesha Kiswahili, Esta anamsemesha Kihehe, yeye haelewi kitu. Hata wewe ungeingia uvunguni.

— Lakini huyu kazaliwa kwangu. Mzungu hajawahi kumuona.

— Lugha inapita kwenye maziwa, — alisema Daktari, kama mtu aliyesoma. — Mama yake alilelewa kwa Kizungu. Hilo tunalijua ofisini.

Bama akainama juu ya kikapu, kifua mbele, akanguruma kwa Kizungu cha jeshi:

— Kamu hia!

Mbwa akajikojolea.

— Kaelewa! — Daktari aliruka. — Mmeona? Kaelewa!

Filemoni alibadilisha gunia. Alitamani kucheka na wenzake, ila macho yake hayakutoka barabarani.

— Kuna jambo kubwa zaidi, — Daktari aliendelea. — Woga unatoka ardhini. Unapanda na baridi. Mbwa mrefu unamfika magotini, anautikisa, anaendelea. Huyu miguu hana. Unamfika moyoni moja kwa moja.

— Sasa nifanyeje?

— Alale mezani. Atembee mezani. Mshonee viatu.

— Viatu vinne? — aliuliza Halfani.

— Na koti, — alisema Bama, akajifunga lake.

Walikuwa bado wanabishana kuhusu ngozi ya viatu, ya mbuzi au ya ng'ombe, honi ilipolia. Bibi Severina alishuka amekamata fimbo na mkono wa kondakta.

— Bibi, sanduku nishushe?

— Ngoja kwanza, baba.

— Kamwene, mama, — Filemoni alimsalimu kwa Kihehe.

— Kamwene, mwanangu. Mmeamkaje?

Korti nzima ilisimama kumpa shikamoo. Halfani alimpisha kwenye benchi, akampa kahawa ya moto, na kwa heshima ya bibi hakusema neno kikapu kilipowekwa karibu kabisa na birika.

— Ndiye huyu, mama. Anaogopa kidogo. Wanasema ni baridi.

Bibi aliinamisha uso kuelekea kikapu.

— Anaitwa nani?

Halfani alianza kufuta kikombe kilichokwisha kufutwa. Bama alitazama viatu vyake. Filemoni alimgeukia Daktari, maana ndiye aliyesema mbwa hapewi jina mpaka akamate mwizi wa kwanza, na wote wanne mpaka leo waliitwa "wewe". Daktari alikuwa anahesabu kunguru.

— Bado, mama.

— Miezi yote hii?

— Tulingoja kwanza afanye kazi.

— Wewe nilikuita siku ile ile uliyozaliwa, — alisema bibi. — Ulikuwa umefanya kazi gani?

Aibu ilimshika Filemoni mpaka shingoni. Bibi aliteremsha mkono kikapuni, kiganja juu, akauacha hapo bila kutafuta kitu, na kwa mkono wa pili akaendelea na kahawa. Bama akafungua kinywa.

— Nyamaza, baba, — bibi alisema taratibu.

Ikawa mara ya kwanza Kortini kukaa kimya. Kondakta aligonga ubavu wa basi, hakuna aliyegeuka. Kahawa ya bibi ilifika nusu, ikafika machicha. Gunia lilisogea. Pua nyeusi ilitokeza, ikanusa kidole kimoja, ikarudi ndani, ikatokeza tena, na safari hii kidevu kikalala juu ya kiganja.

Bibi hakusogeza mkono. Aligeuza uso tu, upande alikosikia pumzi za mwanawe.

— Filemoni, kawaambie washushe sanduku.