Msinilaze Juu ya Chemchemi

Niinueni mgongo kidogo, wanangu. Voahangy, sogeza mto. Solofo, kaa hapo nikuone, maana maneno haya yanaanzia kwako mwanangu wa kwanza, na masikio yako nayajua tangu utotoni, husikia yanachopenda.

Tangu homa hii inishike nimekuwa nikiishi katika nyumba ambayo hamjaijenga. Nimeingia kwa mlango wake wa magharibi, nikapanda ngazi hadi jikoni juu, nikakuta mchele umeshaoshwa, bomba linatiririka, wala hakuna mwanamke aliyebeba ndoo kichwani. Nilikaa dirishani nikayasikia maji yakishuka kutoka kilimani polepole, nikasinzia humo humo ndotoni. Basi msiniambie nyumba haijaanza. Mimi nimeshahamia.

Mnakumbuka tulikotoka. Baba yenu alipofariki, mdogo wake Ralaivao aliziba mfereji juu ya shamba letu la mpunga. Nilimwendea na jogoo mkononi na adabu zote. Akanijibu, "Aliye juu hunywa kwanza, shemeji. Wewe subiri." Nikasubiri misimu mitatu, mpunga ukikauka kabla ya kuchanua. Ndipo nikauza ng'ombe wote nikanunua kilima hiki kwa watu nisiowajua, kwa sababu moja tu: kichwani mwake kuna chemchemi, na juu ya chemchemi hakuna mtu.

Sasa naambiwa unakusanya mawe ya kaburi huko juu, Solofo. Usiinamishe kichwa, sikugombezi. Mnajimu kakwambia kaburi la mama likae kaskazini-mashariki, pembe ya wahenga, na jogoo wangu kamla kwa kusema hilo. Desturi ndiyo hiyo, na ardhi isiyo na kaburi watu huihesabu ya kupanga. Lakini pembe hiyo ndiyo yenye chemchemi. Ukinichimbia hapo utaukata mshipa wa maji, au utawanywesha wajukuu wangu maji yaliyopita kwangu. Mimi nife nigeuke Ralaivao?

Nilazeni kusini-magharibi, chini ya bustani, tunakomwaga majivu.

Jana ulimnong'oneza dada yako ukidhani nimelala: "Nitasimamaje mbele za watu, nimemlaza mama upande wa watumwa?" Nilisikia, na iliniuma, kwa sababu unanipenda. Waambie aliomba mwenyewe. Aisifuye mvua imemnyea, na mimi kiu ya aliye chini naijua.

Chemchemi ijengeeni kwa saruji, muifunike, muizungushie ua ng'ombe wasiikanyage. Tangi likae juu kuliko jiko, mpime usawa kwa ule mpira wa maji wa baba yenu, jicho hudanganya. Bomba lifukieni mahali jembe halifiki. Choo kiwe upande wa chini, mbali na mimi pia, jamani, sijafikia huko. Maji ya ziada yapitisheni mashariki yawafikie majirani, wala asiyazibe mtu. Ralaivao akija na kiu mpeni kikombe. Sijamsamehe yote, lakini mpeni.

Na siku mtakapokuja kuifukua mifupa yangu muivishe hariri mpya, kama ilivyo desturi yetu, nibebeni mkicheza, mnizungushe nyumba yote, mniweke kidogo chini ya dirisha la jiko. Kisha mnirudishe kule kule chini. Msiseme sasa mama katulia, tumpandishe.

Mnadhani nitakuwa mpweke? Kila jioni mtakapoosha vyombo, yale maji ya mwisho yatateremka bustanini mpaka kwangu. Nitajua mmekula.

Voahangy, nipe maji yaliyochemshwa na ukoko wa wali. Hayo... bado yana moto. Umeyachota kwetu? Ndiyo, nayajua... yana ladha ya jiwe.

Mungu na wahenga wawape... wawape watoto saba wa kiume na saba wa kike, na wote walale wameshiba. Msigombane. Nyumba... ngazi zake msizifanye kali, wazee watapanda...

Solofo, mbona umesimama? Unakwenda wapi, mwanangu?

Haya. Nenda.

Fungua dirisha, Voahangy... ndiyo. Mawe hayo. Nayasikia yanateremka.