Fidla Kumi za Piusi Qamara

Hakuwa na mwalimu. Hakuwa na fidla. Hakuwa na taa ya kusomea, wala viatu vya siku ya kipaimara; aliazima vya binamu yake, vikambana, akachechemea mpaka altareni. Hakuwahi kuona nota zilizoandikwa kwenye mistari mitano mpaka alipofika miaka kumi na tisa.

Wasikilizaji wapendwa, huyo ndiye Piusi Qamara wa Endamarariek, Karatu, tunayemkumbuka leo. Alifariki Machi mwaka huu, huko Austria, akiwa na miaka hamsini na mmoja.

Fidla ni lile zeze la nyuzi nne linaloegemezwa begani. Muuguzi mmoja wa Kiaustria, aliyehudumu katika zahanati ya Endamarariek, alikuwa nayo. Wagonjwa wakiisha, aliipiga kibarazani. Piusi akajitolea kupalilia maua ya kibaraza hicho ili apate kusikia. Dada yake mkubwa, Marsela, anakumbuka hivi: "Alipalilia hata pasipo na majani. Nikamwambia, mdogo wangu, utang'oa na maua yenyewe."

Muuguzi akamfundisha, kisha akamwombea nafasi ya masomo kwao Austria. Piusi alisoma muziki asubuhi na kuosha vyombo mchana. Alipohitimu, okestra ya mji mkubwa ilimtaka. Akakataa. Akaenda mji mdogo wa milimani ambako shule ya muziki ilikuwa imefungwa kwa kukosa mwalimu, akaifungua. Alianza na watoto wanne na mzee mmoja mstaafu wa posta. Aliwafundisha kwa do, re, mi za kwaya ya Endamarariek, akionyesha kwa vidole. Wazazi walicheka. Baada ya miaka kumi na minane mji ule ulikuwa na okestra ya watu sitini. Nasema sitini, na mwalimu wao ni mtoto wa Karatu.

Wageni walimwelewa. Sisi je?

Miaka mitano iliyopita Piusi alikuja nyumbani na fidla kumi ndogo, zawadi ya okestra yake kwa watoto wa kigango kimoja cha huku kwetu. Ndani ya kila fidla alibandika karatasi yenye maneno matatu: Ilale kwa mtoto. Mtoto asiyepiga nyumbani, alieleza, hajifunzi. Watu wakashangilia. Fidla zikapelekwa mbele ya altare, zikabarikiwa kwa maji ya baraka. Piusi akarudi kazini.

Hapo ndipo tulipoharibu. Mwenyekiti wa kamati ya kigango, mzee Hilary, alitangaza kwamba kitu kilichobarikiwa hakiwezi kulala katika nyumba yenye pombe. Na nyumba gani ya mkulima haina mtungi wa pombe siku ya kulimiana? Hakuna mtoto aliyekabidhiwa. Fidla kumi zikafungiwa stoo.

Kila Jumapili Piusi alipiga simu. "Dada, watoto wamefika ukurasa wa ngapi wa kitabu cha mazoezi?" Marsela alikuwa ameelekezwa na mzee Hilary asimvunje moyo mfadhili. Basi akajibu kwamba wanaendelea vizuri. Jumapili hii ukurasa wa sita, Jumapili ile wa tisa. Piusi alicheka kwa furaha. Alikufa akiamini.

Wiki tatu baada ya mazishi, Marsela alipeleka kabichi kwenye hoteli moja ya watalii, kama afanyavyo kila Alhamisi. Mpokea mboga, Matano, alimtania kama kawaida. "Mama Kabichi, leo umeleta kabichi au mipira ya watoto?" Akamwomba aingie ndani akasaini daftari. Marsela akainua macho. Ukutani, juu ya kaunta ya pombe, wasikilizaji wapendwa, zilikuwa zimepigiliwa misumari fidla kumi. Katikati yake balbu nyekundu na kijani. Urembo.

Alipanda kiti, akachungulia ndani ya tundu la fidla ya kwanza. Ilale kwa mtoto.

Matano hakutania tena. Alimweleza kwa sauti ya chini kwamba kamati ilizibadilisha kwa spika mbili. Fidla kumi, spika mbili.

Marsela alikwenda kwa mzee Hilary siku ileile, na gunia tupu mkononi.

"Baba, mlisema haziwezi kulala penye pombe."

"Hazilali pale, Mama Angela. Zinaning'inia."

"Nataka watoto wapewe."

"Lete maandishi ya zawadi. Yenye muhuri, si picha ya simu. Bila hayo, ni mali ya kamati."

Zinaning'inia! Mtu mzima, mwenye wajukuu, anasema hivyo bila kukwepesha macho. Mimi nimesoma shule ya jioni, ukubwani, nikichangia kitabu kimoja na wenzangu watatu. Najua kiu ya mtu anayetaka kujifunza na mlango umefungwa. Na siwezi kulainisha neno hapa: tuliwanyang'anya watoto wetu, kisha tukamdanganya aliyewapa.

Kwa Marsela na ukoo wote wa Qamara, poleni sana. Kwa watu sitini wa mji ule wa milimani, ambao nao wamefiwa, poleni. Na wewe unayenisikiliza, kama umeshika ufunguo wa stoo yoyote ya umma, jiulize ni nani anayesubiri kilichomo.

Maandishi ya zawadi yapo. Yamo kwenye kabati la okestra, huko Austria. Ili ayapate, Marsela ilimbidi aeleze kwa nini anayahitaji, na hilo lilimtesa siku nne. Mwanawe alimshauri aandike tu kwamba nakala imepotea. Akakataa, uongo ulikwisha kula miaka mitano. Akaandika kwa mkono wake: Ndugu yangu aliniuliza kila Jumapili, nami nilimdanganya. Watoto hawajawahi kuzigusa. Nisaidieni nizitoe ukutani.

Jana asubuhi, kwenye kaunta ya posta ya Karatu, aliisoma barua hiyo mara ya mwisho. Akaikunja, akalamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika. Karani akagonga muhuri. Marsela akamwomba aitie kwenye mfuko mbele ya macho yake, na hakuondoka mpaka ilipotiwa.