Fahali Achinjwe Mwaka Gani?

Benchi la pale Bunda, mkabala na ghala la pamba, lilikuwa na birika moja la kahawa na wataalamu wa kila jambo. Siku hiyo Silasi alikuja kualika watu. Binti yake Gati amepata nafasi ya kusomea uinjinia Urusi. Kesho anapanda meli Musoma kuanza safari. Fahali mwekundu alikwisha kufungwa nyumbani, na kwa mila ya ukoo wao, msafiri huchinjiwa mara moja tu. Kosa la Silasi lilikuwa kutaja kwamba mwaka wa kwanza ni wa maandalizi, lugha na hesabu. Uinjinia wenyewe baadaye.

— Maandalizi? Bernado, aliyeitwa Redio kwa kuwa hazimiki, alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Form siksi yote ile ilikuwa ya nini? Karudishwa darasa huyo, mura, ndugu yangu!

— Amefaulu! Silasi akang'aka.

— Amefaulu kurudia, akadakia Clementi, aliyejiita Sheria tangu ashinde kesi ya mbuzi. Mimi nasikiaga mwaka huo wanawalaza kwenye barafu. Ukikohoa, unarudishwa kwenu.

— Na kabichi! Asubuhi kabichi, jioni kabichi. Wanapima tumbo kwanza, akili baadaye.

Uso ulimwaka Silasi. Wiki nzima alikuwa akitembea kifua mbele, baba injinia.

— Basi, akasema. Kama bado hajaanza, fahali atachinjwa mwaka ujao, akianza kweli.

Redio akatua kikombe upesi. Hakuwa ametia chakula mdomoni tangu aliposikia jana habari za fahali yule.

— Ngoja kwanza, ndugu yangu! Mwaka wa maandalizi ndio wenyewe! Hiyo mingine ni ya kumalizia.

— Kisheria, mingine wanakaaga tu kungoja meli ya kurudi.

— Mwaka huo anafundishwa kusimamisha mto kwa mkono mmoja, daraja anajenga kwa mkono wa pili!

— Bila sementi!

— Sasa hivi si mlisema karudishwa darasa?

— Tulikuwa hatujui. Tumesoma tangu hapo.

Gati mwenyewe akatokea, katumwa na mama yake; mabishano alikuwa ameyasikia tangu ghalani, hata la fahali kuahirishwa.

— Shikamooni. Baba, wageni wa Bugwema wameshafika.

Lakini hakuondoka. Alisimama akivuta ncha ya kitenge.

— Baba, huo mwaka nikiufeli, nitarudi hapa na uso gani?

Sheria akachungulia kikombe kana kwamba jibu limezama humo. Silasi alimwona tena Gati mdogo, aliyefungua baiskeli yote ya baba yake, akashindwa kuiunga, akalia mpaka usingizi ukamchukua, na kulipokucha akaanza kuiunga upya.

— Sijui, mwanangu. Twende tukachinje.

— Si ulisema mpaka mwaka ujao?

— Mwaka ujao utakuwa Urusi. Nyama utailaje?

Gati akacheka. Silasi akageuka awaage wenzake. Benchi lilikuwa tupu, kahawa bado inafuka. Redio na Sheria walikwisha kuvuka barabara, wanasukumana, kila mmoja anataka afike kwa Silasi kabla ya mwenye nyumba.