Bi Tahiya na Usiku wa Mwenzake

"Kama imeandikwa uoe mke wa pili, basi na mimi kulivunja hili buli imeandikwa. Mbona hilo unanilaumu?"

Hivyo ndivyo marehemu Bi Tahiya binti Msabah alivyomjibu mumewe, Bwana Khelef, mwaka 1999, vigae vimetapakaa sakafuni. Bwana Khelef alikuwa ametoka kumwambia kuwa ndoa yake na Bi Bahiya wa Mpendae ni kudra ya Mungu.

Bi Tahiya alizaliwa Malindi, Mji Mkongwe, tarehe 9 Machi 1967, mtoto wa pili wa Mzee Msabah na Bi Reem. Alihitimu Kurani mapema, akasoma skuli mpaka alipotolewa kuja kumuuguza mama yake. Hakuulizwa. "Ningechagua mimi ningekuwa daktari," akisema, "nikakudungeni sindano nyote."

Alishona kofia za mkono maisha yake yote, na mabwana harusi wengi wa mji huu wamezivaa. Idi moja Bwana Khelef alitokea na kofia aliyoshonewa na Bi Bahiya. Marehemu alimzunguka, akaitazama, akasema, "Nzuri. Ukirudi nipe nikorogee uji."

Aliolewa tarehe 12 Agosti 1988, akajaaliwa watoto watatu. Wivu wake hakuuficha, na leo hatumfichii. Bwana Khelef alikwenda kwa zamu, siku mbili kwa huyu, mbili kwa huyu. Juni 2019 aliugua akiwa kwa Bi Tahiya. Zamu ya Bi Bahiya ilipoingia, mwenyewe akaja na teksi kumchukua. Bi Tahiya akatia komeo, akasema kwa ndani kuwa mgonjwa kalala. Alfajiri Bwana Khelef akafariki.

"Iliandikwa afie kwangu," alisema Bi Tahiya.

"Kufa kuliandikwa," Bi Bahiya alimjibu. "Komeo ulitia kwa mkono wako."

Eda kila mmoja alikaa kwake, na tangu hapo hawakusemezana.

Mwaka huu wa 2024 figo zilimshinda marehemu. Bi Bahiya alikuja bila ya kuitwa, akawa anampikia na kumgeuza kitandani. Siku moja Bi Tahiya akamshika mkono.

"Bahiya, nna usiku wako mmoja, na siwezi kwenda nao. Miaka yote nasema niliandikiwa. Kama kila kitu niliandikiwa tu, basi hata watoto wangu sikuwapenda, nilikuwa mdoli. Mimi niliwapenda. Na komeo nilitia mimi, kwa wivu. Nisamehe."

Bi Bahiya alimfuta mdomo. "Kunywa uji, Tahiya."

Bi Tahiya alifariki Alhamisi, tarehe 14 Novemba 2024, akazikwa siku hiyo hiyo baada ya sala ya alasiri, bila ya kupata jawabu lake.

Ameacha watoto watatu, Mundhir, Hind na Hafiz, wajukuu saba, mdogo wake Ummkulthum, na mke mwenzake, Bi Bahiya.

Alipokuwa akioshwa, Bi Bahiya aliomba aingie, na akammwagia maji mpaka mwisho. Kabla sanda haijafungwa aliinama, akasema sote tukisikia:

"Tahiya, usiku ule nshakupa. Hukuniibia."

Mola amkunjulie kaburi lake, alale salama.