Nkwabi Atafuta Jina la Lori

Benchi langu liko mbele ya duka la nguo, hapa Shinyanga mjini. Mimi Abdu nauza kahawa, na hawa wateja wangu kikombe kimoja wanakiatamia tangu alfajiri kama kuku. Asubuhi ile, mwaka wa thelathini na nne, lori jipya lilikuwa ng'ambo ya barabara likipakia karanga za kwenda Mwanza. Jana yake, likitoka Kahama, lilisimamishwa karibu na Didia kwa sababu Paskalina, mke wa jirani yetu Nkwabi, alishikwa na uchungu akiwa abiria humo. Akajifungua binti hapohapo, kivulini mwa lori. Na kwa Wasukuma mtoto hupewa jina la jambo lililotokea siku aliyozaliwa. Basi Nkwabi akaja mbio, jasho linamtoka.

— Nipeni jina la hilo gari. Mama yangu anataka jina la mtoto kabla ya adhuhuri. Lakini liwe sawasawa, jamani! Sitaki mwanangu achekwe maisha yake yote.

— Shevuleti, akasema Muhidini Tabora, aliyewahi kumpikia Mzungu miezi minne na hajanyamaza tangu hapo.

— Wapi! akadakia Makoye Nyundo, mhunzi wetu. Ni Chafuloti. Nimekigonga chuma chake kwa mkono huu. Nigonge kitu nisichokijua jina?

— Mbona majembe unayagonga na jina lako hujui kuliandika? akauliza Muhidini.

Stanslaus Miwani, msomi wa misheni, akavuka barabara, akalisoma lile jina kwa kidole, herufi moja moja. Akarudi kidevu juu.

— Shevrole. Herufi ya mwisho haitamkwi.

— Haitamkwi, sasa imeandikwa ya nini? akauliza Makoye.

— Ya heshima.

— Babehi! Nkwabi akalia kwa Kisukuma, akashika kichwa. Binti yangu abebe herufi ya heshima tangu mchanga?

— Sikiliza, akasema Muhidini. Hilo ni jina la mke wa fundi. Mzungu akigombana na mkewe anaunda gari, analipatia jina la mke, ugomvi kwisha.

— Ndiyo maana linanguruma! akacheka Makoye.

— Uongo mtupu, akasema Stanslaus. Ni jina la mlima. Gari la kwanza lilichimbwa huko, kama dhahabu ya Geita. Lilitoka zimazima, wakalipangusa udongo tu.

— Na magurudumu?

— Yalikuwa bado hayajakomaa.

Nilitaka kuwafukuza wote. Nkwabi wa watu karibu alie, na jua linapanda. Mara akafika mama yake, Limi, khanga kiunoni.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Jina liko wapi?

— Bado tunabishana, mama. Gari lenyewe...

— Gari? Yule mama aliyempokea mjukuu wangu njiani, akamfunga kwa khanga yake mwenyewe, anaitwa nani?

Muhidini akatazama kikombe chake. Stanslaus akafuta miwani.

— Paskalina alikuwa akimwita mama tu, akasema Nkwabi kwa sauti ndogo. Yumo kwenye lori hilohilo. Anakwenda Mwanza.

Hajamaliza, injini ikawaka. Lori likaondoka. Wee! Tulitoka benchini wote, hata mimi, birika nikaliacha motoni.

— Shevuleti, simama!

— Chafuloti! We Chafuloti!

— Shevroleee!

Dereva hakugeuka hata kwa mmoja wetu. Limi akapiga kigelegele kirefu ambacho sijapata kusikia mfano wake, na lori likasimama. Mama mmoja akachungulia juu ya magunia, amejifunika khanga moja tu badala ya mbili.

— Kuna nini? Mtoto hajambo?

— Hajambo, mama, akasema Nkwabi, anahema. Tunaomba jina lako.

— Langu? Makubwa haya! Naitwa Mwanaidi.

— Mwanaidi, akasema Nkwabi.

— Mwanaidi, akasema Makoye. Muhidini naye akalisema, na Stanslaus, tukageuka kurudi kwenye vikombe vya kahawa iliyopoa, na njia nzima hakuna aliyemsahihisha mwenzake. Limi alikuwa ameshatangulia nyumbani kumwambia mtoto jina lake.